Mikono ya Mtoto Hutangulia Kalamu



Huu ndio wakati ambao familia nyingi za kisiwani huanza kuulizana mtoto ataandikishwa wapi mwaka ukifunguka. Mama mmoja wa Kibokoni ametuandikia kwamba ameazimia kumtoa mwanawe, mwenye umri wa miaka minne na nusu, katika chekechea iliyo jirani na msikiti wa mtaani kwao. Sababu yake ni kwamba tangu mwaka uanze mtoto hajaleta nyumbani daftari hata moja lenye kazi. Huleta karatasi zilizopakwa rangi kwa vidole, vifuu vilivyogandishwa simbi, na kanzu iliyoingia matope. Mtoto wa jirani, umri ule ule, asoma shule ya kulipia na tayari aandika 1 hadi 50. "Mimi nalipia mchezo," ndivyo alivyoimaliza barua yake. Naye bibi mmoja wa Kuze ameongeza lake: zama zao mtoto wa miaka mitano alikuwa amekwisha maliza alifu na ameingia juzuu ya Amma, wala hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha kuchezea unga.

Malalamiko haya si ya kupuuzwa. Ada ni jasho la watu, na mama anayeuliza mwanawe anajifunza nini ni mama anayetimiza amana yake. Lakini kumhamisha mtoto aliyezoea mahali, kwa sababu ya daftari, ni jambo linalotaka kutazamwa kwa utulivu. Ndiyo maana makala ya juma hili yote nimeyaweka kwa ajili yake.

Tuanze na mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliokwisha kuwa mfupa. Yote ni gegedu, laini kama ukingo wa sikio. Hugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine, polepole, na kazi hiyo haimaliziki hadi mtoto afike miaka 9 au zaidi. Ukimpiga eksirei mtoto wa miaka 4 utaona vifupa vichache tu vilivyotawanyika, na baina yao nafasi ambazo bado hazijajazwa. Mkono huo ndio tunaoushurutisha kushika kalamu nyembamba na kujaza mistari ukurasa mzima. Mtoto hubana kalamu kwa ngumi, huchoka baada ya mstari wa pili, hulia, na sisi husema mvivu.

Kalamu hushikwa kwa vidole vitatu, na vidole hivyo vinahitaji misuli ya kiganja iliyokwisha kufanya kazi nyingine kabla yake: kukanda, kubana, kuchana, kusokota, kutunga, kumimina bila kumwaga. Msichana aliyekaa na nyanya yake akichana ukili wa mkeka, au akitunga asumini katika uzi, vidole vyake vilikuwa vimejiandaa kwa kalamu bila mtu kumwambia hivyo. Wazee wetu hawakuita hiyo elimu. Waliita kusaidia kazi. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliliona jambo hilo hilo, akawakatia watoto herufi za msasa ili kidole kiipite njia ya herufi kabla ya kalamu kuipita.

Basi na hesabu je? Hapa nataka mama yetu wa Kibokoni ajaribu jambo leo baada ya laasiri, na amwite na mtoto wa jirani. Chukua bilauri mbili zinazolingana, mimina sharubati kiasi kimoja, uwaulize watoto ipi iliyo na nyingi. Watakwambia ni sawa. Kisha, mbele ya macho yao, imimine ya bilauri moja katika chupa nyembamba ndefu, uulize tena. Kwa kawaida mtoto wa umri huo atakwambia ya kwenye chupa ni nyingi zaidi, kwa kuwa imepanda juu. Jean Piaget wa Uswisi alifanya majaribio ya namna hii kwa miaka mingi, na watoto walio chini ya miaka 6 au 7 wakawa wanajibu hivyo karibu siku zote. Si ujinga, na wala fimbo au maelezo hayataibadili rai ya mtoto. Atabadilika kwa kumimina yeye mwenyewe, kutoka birika kwenda kikombe cha kahawa, kutoka kikombe kwenda kata, mara mia na zaidi, hadi siku moja ajionee kwamba kilichobadilika ni chombo tu.

Sasa mtoto ambaye hajui bado kwamba kiasi hakiongezeki kwa kubadilisha chombo, hizo 1 hadi 50 alizoandika ni kitu gani kwake? Ni wimbo. Wimbo nao una faida yake, siubezi. Lakini asijidanganye mzazi kwamba mtoto anayeandika 50 anajua hamsini ni kiasi gani. Mwambie akuletee kokwa 7 za ukwaju kutoka kwenye bakuli, utazame.

Mjadala huu si mgeni mjini petu, na kwa kweli Mombasa ina haki ya kujivunia sehemu yake. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwendea Aga Khan, alipozuru Kenya, wakamweleza uchungu wao: watoto wa Kiislamu walikuwa wakibaki nyuma katika shule, na waliofika vyuo vikuu walikuwa wachache mno. Waliomba msaada. Jibu lililopatikana baada ya miaka kadhaa ya kutafakari na kujaribu halikuwa nafasi za masomo kwa wakubwa. Lilikuwa kuanza na wadogo kabisa, papo hapo madrasa, mahali ambapo wazazi walikuwa na imani napo. Aliyepewa kazi ya kulitekeleza ni mwanamke wa hapa hapa, Bi Swafiya Said, mwalimu aliyeijua madrasa na kuijua shule. Mwaka 1986 kazi ikaanza rasmi Mombasa, ikavuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Baadaye chekechea za mpango huo zilipita 200 katika nchi hizo tatu.

Njia waliyoichagua haikuwa ya daftari. Waliazima utaratibu uliobuniwa katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan huko Marekani, na David Weikart na wenzake. Kiini chake ni mambo matatu: mtoto apange mwenyewe atafanya nini, alifanye, kisha akae na mwalimu na wenzake aeleze alichokifanya. Weikart alianza mwaka 1962 na watoto 123 wa familia masikini za Wamarekani weusi. Baadhi yao waliingia chekechea hiyo na wengine hawakuingia, na wote wakafuatiliwa hadi walipofika umri wa miaka 40. Walioingia walimaliza shule kwa wingi zaidi, wakapata kipato kikubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wenzao.

Lakini utaratibu wa ugenini ungekufa siku ya kwanza kama ungeletwa mzima mzima. Waliokuwa wakiongoza kazi hii pamoja na Bi Swafiya waliuvika kanzu na buibui, ndivyo ninavyopenda kusema. Dua, adabu za kula na za kuamkiana, visa vya Mitume, sura fupi, yote yalibaki mahali pake. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, waliofunzwa kwa muda mrefu wakiwa kazini. Kamati za wazazi ndizo zilizomiliki chekechea. Na vifaa, hapa ndipo penye funzo kwetu sisi tunaodhani elimu ya kisasa hununuliwa dukani ikiwa ndani ya maboksi, vilikuwa vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, makombe ya pwani, kokwa, vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani, makopo, chelewa na mchanga. Chumba kiligawanywa pembe pembe: pembe ya nyumbani yenye vyungu na kanga, pembe ya kujenga, pembe ya vitabu, pembe ya sanaa.

Wazazi walilalamika wakati huo kama wanavyolalamika leo. Ndipo watafiti wakaingia. Peter Mwaura, akishirikiana na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Chuo Kikuu cha Oxford, walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kuwapima watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda: waliosoma chekechea za Madrasa, waliosoma chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani. Wote waliosoma chekechea waliwapita waliobaki nyumbani katika kukua kwa akili, na wale wa Madrasa ndio waliopiga hatua kubwa zaidi. Kwa hiyo, mama yangu, vifuu vile unavyoviona uchafu vimekwisha kuwekwa kwenye mizani.

Turudi kwa bibi yetu wa Kuze, ambaye neno lake lina uzito kuliko anavyodhani mwenyewe. Ni kweli mtoto wa zama zake aliingia chuo mapema, akaandika kwa wino juu ya ubao, akapigwa alipokosea. Lakini alipotoka chuoni alikwenda wapi? Alishuka pwani maji yakitoka, akachimba kaa, akaelea ngalawa ya kifuu. Wavulana walirusha tiara na kuzungusha pia kwenye vichochoro. Wasichana walipika kijungujiko uani kwa majani na udongo, wakashona watoto wa vitambaa. Mikono ilipata haki yake nje ya chuo, bila ada, siku zote, na kwa kuwa ilikuwa bure hakuna aliyeihesabu kuwa ni masomo. Mtoto wa leo anaishi ghorofa ya tatu. Ua umejengwa chumba cha kupangisha. Kichochoro kimejaa pikipiki na tuktuk. Akitoka shule huenda chuoni, akitoka chuoni hupewa simu ili mama apike. Kile ambacho mtaa ulikuwa ukikitoa bure sasa hakuna pa kukipata isipokuwa chekechea ikitoe kwa makusudi. Mtoto wa zamani aliyeketi juu ya jamvi saa mbili akasoma, alikuwa na saa sita za mchanga na maji. Tumezibakisha zile mbili tukaziondoa hizi sita, kisha tunashangaa mtoto hatulii.

Wala dini yetu haikuwa kinyume cha mchezo. Yatosha kukumbuka kwamba Bibi Aisha (R.A.) mwenyewe alisimulia alivyokuwa akicheza na wanasesere wake na wenzake katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), na kwamba wale wasichana walipojificha kwa haya alipoingia, yeye aliwarejesha kwake waendelee. Yako pia masimulizi ya farasi wa kuchezea aliyetiwa mbawa za kitambaa, Mtume akaulizia habari zake akacheka. Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliandika katika Ihya kwamba mtoto akirudi chuoni apewe ruhusa ya mchezo mzuri wa kumpumzisha, na kwamba kumnyima mchezo na kumbana kwa masomo daima huuua moyo wake na kuzima akili yake. Tazameni: ni mwanachuoni wa kusisitiza elimu, anazungumza na baba wa karne tisa zilizopita, na maneno yanamfaa baba wa Bondeni wa leo.

Wapo watakaouliza kuhusu picha za viumbe wenye roho. Wanazuoni wengi wameviruhusu vitu vya kuchezea watoto kwa dalili hiyo ya Bibi Aisha, na kila familia imfuate shekhe inayemwamini. Anayependa kujiepusha hatakosa cha kumpa mtoto. Mji wa Kale wote ni daftari la michoro: mpeni mtoto karatasi na kipande cha mkaa, mshikishe karatasi juu ya mlango uliochongwa, asugue, aone maua na minyororo ya nakshi ikijitokeza. Mpelekeni bandari ya zamani achore jahazi. Kanga yenye mji na pindo lake ni somo zima la mpangilio.

Nyumbani, hata katika vyumba viwili, inawezekana. Sinia kubwa lenye mchele wa kuchezea au mchanga juu ya mkeka linatosha, na kitambaa chini yake cha kukusanyia. Vikopo vya iliki, karafuu, mdalasini, ubani na asumini, vilivyofunikwa kwa kitambaa chenye matundu, ni mchezo wa kunusa na kutaja majina, na msamiati wa mtoto utaongezeka hapo kuliko mbele ya televisheni. Unga wa kuchezea hutengenezwa kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta, na maji ya moto yanayotiwa kidogo kidogo hadi ushikane kama wa chapati. Manjano huupa rangi. Ukiutia katika kopo lenye kifuniko hudumu juma moja na zaidi.

Najua swali linalokuja: je, hiyo si israfu, kuchezea chakula ilhali wapo wenye njaa? Ni swali jema, na linaonyesha nyumba yenye hofu ya Mungu. Rai yangu ni kutumia unga ulioingia vidudu au mchele uliovunjika usiotakiwa tena jikoni, kuutumia mara nyingi, na mtoto aambiwe wazi kwamba huu si wa kula na ule wa jikoni si wa kuchezea. Ambaye moyo wake bado haujatulia, atumie udongo wa mfinyanzi. Hakuna unga duniani unaoushinda udongo.

Yapo ya kuhadhari nayo, na hapa sitaki mtu afanye mzaha. Unga huo una chumvi nyingi. Mtoto mdogo akiula humdhuru. Ushanga, kokwa na vizibo viwe mbali na mtoto aliye chini ya miaka 3, kwa kuwa vyote huenda puani na kooni. Beseni la maji lisiachwe na mtoto peke yake hata kwa muda wa kufungua mlango, maana mtoto huweza kuzama katika maji yasiyofika goti. Mchanga wa vichochoroni kwetu ni choo cha paka, nao wana minyoo. Leteni wa pwani, uoshwe, uanikwe juani, ufunikwe usiku. Na hina ya majani ni salama kwa kumchora mtoto maua, lakini piko iliyotiwa rangi ya nywele isiguse ngozi yake kabisa, kwani huweza kumbabua na kumwachia alama.

Limebaki la usaili wa kuingia Gredi ya 1, ambalo nadhani ndilo hasa linalomtia hofu mama wa Kibokoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili imkubali au imkatae. Shule za kulipia ndizo zinazoendelea na usaili, na baadhi humtaka mtoto wa miaka 5 asome sentensi. Wakati huo huo mtaala wa serikali wenyewe, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, umeweka shughuli za viungo na ubunifu kuwa eneo kamili la kujifunza katika PP1 na PP2, sawasawa na lugha, hesabu, mazingira na dini. Chekechea inayochezesha watoto haivunji mtaala. Inayowajazia daftari kutwa ndiyo iliyouacha. Mzazi anayelenga shule yenye usaili anaweza kumkalisha mwanawe robo saa kila siku katika miezi ya mwisho ya PP2. Mkono uliokanda udongo miaka miwili utajifunza herufi haraka.

Hata hivyo si kila chekechea yenye rangi ukutani inafundisha. Zipo zinazoita mchezo kule kuwaachia watoto wenyewe huku mwalimu akitazama simu, na mama akilalamika juu ya hizo yuko katika haki. Kwa hiyo, kabla hujamtoa mwanao, omba ruhusa ukae pembeni asubuhi moja. Sikiliza kama mwalimu anamwuliza mtoto anafanya nini na anangoja jibu. Tazama kama picha zilizotundikwa zote zinafanana. Zikifanana, basi ni mwalimu aliyechora. Uliza kazi ya mwanao ya mwezi wa kwanza imewekwa wapi, uilinganishe na ya juzi. Kisha mwulize mtoto mwenyewe, mkiwa njiani kurudi, alipanga kufanya nini leo na kilimwendeaje. Akikujibu kwa maneno ishirini, mwache alipo. Na uende Jumatatu au Jumanne. Ijumaa watoto hutoka mapema kwa ajili ya swala, hutaona kitu.